Mwaka Tuliocheza Bila Mgeni

Sangwa alinipigia simu nikiwa jikoni, hapa Lubumbashi, na kwa namna alivyoanza kwa kuniuliza hali yangu, hali ya magoti yangu, hali ya mvua za huku, nikajua anatafuta pa kushika kabla ya kusema. "Mama Feza," akasema mwishowe, "Mama ametuacha." Mama yake ni Mulubwa. Nilimpa pole, nikamuuliza aliugua nini, nikamwahidi kwamba nitafika Kalemie kwa ndege ya kwanza nitakayoipata. Kisha simu ikakatika, na nyumba ikarudia kimya chake, kama inavyokuwa tangu watoto waondoke na baba yao azikwe. Ni nyumba nzuri. Ina ukuta mrefu na geti la chuma, ina maji ndani, ina maua kando ya njia. Mtu akiniuliza kama nimeridhika na maisha yangu, namjibu ndiyo, na sidanganyi. Lakini siku ile nilitoka sebuleni nikaenda chumbani, nikatoka chumbani nikaenda uani, nikafungua madirisha na kuyafunga tena, na katika kuzunguka kule nikamkumbuka msichana aliyekuwa akizunguka vivyo hivyo katika chumba cha kupanga huko Kalemie, mtaa wa Lubuye, zamani za Zaire. Msichana huyo alikuwa mimi, na mwaka ule ndio nilimjua Mulubwa.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, sanduku la nguo na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Asubuhi nilikwenda kupiga mashine ya kuandikia katika biro moja, yaani ofisi, ya bandarini, na huko sikuwa na shida, kwa kuwa mashine ile ilipiga kelele, mabaharia waliingia na kutoka, na kila boti iliyotoka Kigoma au Uvira ilishusha watu wenye maneno. Shida ilianza nikirudi. Nikiweka mkoba juu ya meza tu, miguu ilianza kuniwasha. Nilikuwa nimeposwa na kijana mmoja wa Lubumbashi, mpole, mwenye kazi nzuri, na kila kitu cha maisha yangu kilikuwa kimekwisha kupangwa. Labda ndiyo maana sikuweza kutulia. Nilijiunga na kwaya ya parokia. Nilikwenda harusi za watu niliowajua kidogo, na vilio vya watu nisiowajua kabisa. Siku nyingine nilikaa kitandani nikiwasikiliza mume na mke wa chumba cha pili, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba. "Unatoka wapi?" mume anauliza. "Ku kilio." "Kilio cha nani?" Mke anafikiri. "Jina yake sijui. Lakini walipika muzuri, na wamama walikuwa wengi." Mume anacheka mpaka anakohoa, na mke naye anacheka. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta, bila kucheka, nikifikiri kwamba mwanamke yule ametamka siri yangu.

Basi ikatoka amri kwamba mgeni mkubwa sana kutoka Kinshasa atakuja Kalemie, na mji mzima ujiandae. Vijana wa leo hawaijui animasyon. Ilikuwa ni ngoma na nyimbo za kuwasifu wakubwa na chama chao, watu wamevaa vitenge vya namna moja, wanazungusha viuno mbele ya jukwaa. Kila mahali pa kazi palitakiwa kutoa watu wa kucheza. Biro yetu ilinitoa mimi kwa sababu ya sauti yangu. Kiwanda cha nguo kilimtoa Mulubwa. Kwa sababu gani, sikujua, maana hakuwa na sauti wala hakujua kucheza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mikono mirefu iliyozoea nyuzi za mashine, na mume wake alikuwa amekwenda ng'ambo ya ziwa akaishia huko. Siku ya kwanza uwanjani, kiongozi wetu alimtazama akirusha mguu wa kushoto wakati wote tunarusha wa kulia, akamwambia aende mstari wa nyuma. Kiongozi huyo, mtu wa chama, tulimwita Sitwayen Lwamba. Wakati ule hakukuwa na bwana wala bibi, wote tulikuwa masitwayen, yaani raia. Mulubwa akaenda nyuma bila kununa. Mimi niliwekwa mbele, niwe wa kuanzisha nyimbo.

Mwanzoni niliona haya. Nyimbo zile zilikuwa za uongo na sote tulijua. Papa Kisimba, fundi wa reli aliyetupigia ngoma, alikuwa akiimba sifa za wakubwa kwa sauti nene, kisha anainama kufunga viatu vilivyochanika na kusema polepole, "Tumeshiba, kweli tumeshiba." Lakini mwili haujali maneno. Kila alasiri tulikutana uwanjani, jua linateremka upande wa milima na upepo wa ziwa unatupiga mgongoni, tukaimba mpaka makoo yakauka, na baada ya wiki chache nikajikuta bironi nikitazama saa. Tukimaliza, tulikuwa na njaa, na nyumba ya Mulubwa ilikuwa karibu. Hakutualika, alifungua mlango tu, akaweka sufuria ya maji motoni, na watu wakaingia. Alisonga bukari ya muhogo nusu na mahindi nusu, akakaanga ndakala, dagaa wa ziwani, kwa mafuta ya mawese na pilipili, na kila mmoja alileta alichokuwa nacho: huyu sombe ya majani ya muhogo, huyu chumvi, huyu kiti chake mwenyewe. Tulikula kwenye sinia mbili, wanawake huku, wanaume kule, na maneno yalivuka katikati. Hapo ndipo nilijifunza kwamba Papa Kisimba aliogopa maji ingawa alizaliwa ufukweni. Hapo ndipo msichana mmoja wa posta aliyecheza nasi alituambia kwamba hataki kuolewa na mtu anayetaka kumuoa, na watu wote wakamshauri kwa pamoja, kila mmoja shauri lake, mpaka akalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Niliona jambo moja ambalo lilinisumbua. Mimi nilikuwa na furaha nikitazamwa. Nikianzisha wimbo na sauti zote zikaniitikia, nilijisikia kama nimenyanyuliwa na mikono, lakini wimbo ukiisha nilitafuta mwingine upesi, na sinia zikioshwa niliuliza, "Sasa tunaenda wapi?" Mulubwa hakuuliza hivyo. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, mgongo umeegemea ubao, akisikiliza. Siku moja nilimuuliza kama haoni ubaya kuwekwa nyuma kila siku.

"Ubaya gani?" akasema. "Nyuma njo ninawaona wote. Weye unaona nini kule mbele? Unaona uwanja mutupu."

"Lakini hakuna muntu anakuona."

"Feza, nilikuwa ndani ya nyumba hii mwaka muzima. Nilikuwa naongea na sufuria. Saa hii nikichelewa, Papa Kisimba anatuma muntu kuuliza kama ninaumwa. Hiyo si kuonekana?"

Nilijaribu kufikiri ni nani angetuma mtu kuniulizia mimi. Watu walionijua walikuwa wengi mno kwenye kwaya, kwenye harusi, bandarini, na kwa ajili ya wingi ule kila mmoja angedhani niko kwa mwenzake.

Mgeni hakuja. Tulishonewa vitenge, tukapaka chokaa mawe ya barabara ya chini, tukasimama kituoni tangu asubuhi mpaka jua la mchana likatuchoma utosini, na treni ikaja ikiwa imebeba mahindi na abiria wa kawaida. Sitwayen Lwamba alipanda kwenye benchi akatangaza kwamba safari imeahirishwa, kwamba tumefanya vizuri, na kwamba kila mmoja arudi kazini kwake. Watu walishangilia kwa kuwa walikuwa wamechoka. Mimi mwenyewe nilishangilia. Lakini alasiri iliyofuata nilirudi chumbani, nikaweka mkoba mezani, nikasikia kimya kikinipanda kutoka miguuni. Hata jirani zangu hawakuwepo. Nilivumilia kesho yake, na kesho kutwa nikashindwa. Nikatoka kwenda kwa Mulubwa nikiwa na kisingizio cha kurudisha kanga. Nilimkuta Papa Kisimba kizingitini na ngoma yake. Msichana wa posta alikuwa anachambua mboga. Wengine walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Tulitazamana, na Mulubwa akasema, "Basi twende uwanjani, kabla jua haijaisha."

Tulicheza peke yetu, bila kiongozi na bila jukwaa. Kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kusifiwa, tulitoa majina ya wakubwa ndani ya nyimbo tukatia ya kwetu. Tulimsifu Papa Kisimba, kwamba ameshinda ziwa kwa kulikimbia. Tulimsifu msichana wa posta, kwamba barua zote za mji zinamuogopa. Tulipofika kwa Mulubwa tuliimba kwamba mguu wake wa kushoto una akili zake wenyewe, naye akacheka mpaka akaketi chini kwenye majani. Sijui kama nimewahi kuimba vile tena. Na hata hapo, katikati ya kicheko, nilikuwa natazama barabarani, nikiona watu wanasimama, wananong'ona, wanaondoka.

Tuliitwa. Alikuja mtu bironi kwetu, akazungumza na mkuu wangu huku mlango umefungwa, na mkuu wangu alipotoka hakunitazama machoni. Alisema tu kwamba ninatakiwa ofisini kwa Sitwayen Lwamba, na kwamba kama kuna mambo yoyote ninayoyafanya nje ya kazi, biro haihusiki. Nilipanda mlima uliokuwa na ofisi yake. Watu walikuwa wanafukuzwa kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wengine waliondolewa mjini tusijue walipopelekwa. Niliwakuta wenzangu wamekaa kwenye ukumbi, kila mmoja anatazama vidole vyake. Mulubwa peke yake alikuwa amejivalia kitenge cha animasyon, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Sitwayen Lwamba alituingiza wote pamoja. Alivaa abakosi yake ya kijivu, koti la wakubwa wa wakati ule, shingo imefungwa mpaka juu ingawa kulikuwa na joto. "Nani njo amewaruhusu kukusanyika?" akauliza. "Ninauliza. Nani amewatuma kucheza? Mgeni iko wapi?"

"Mgeni hakuna, Sitwayen," akasema Mulubwa.

"Sasa munacheza juu ya nani, munamuchezea nani?"

"Juu yetu."

Niliona mkono wa Papa Kisimba ukishika ukingo wa kiti. Sitwayen Lwamba aliweka kalamu yake mezani. "Sikiliza, mama," akasema, na aliposema mama badala ya sitwayen nikaogopa zaidi. "Watu wakikusanyika bila kazi, hiyo ni siasa. Mimi nikinyamaza, kesho nitaulizwa mimi. Unafahamu?"

"Nafahamu. Lakini ulitufundisha weye mwenyewe. Ulituambia tukuye kila siku, tukakuya. Ulituambia tuimbe kwa roho moja, tukaimba. Sasa roho imezoea, tuipeleke wapi?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Kama kukusanyika bila kazi ni mubaya, basi utupe kazi."

Nilidhani atampiga. Alisimama, akaenda dirishani. Chini ya ofisi, mteremko ulikuwa umekatwa na ravini, korongo lililochimbwa na mvua za miaka mingi, linaloteremka kutoka nyumba za juu mpaka karibu na njia ya reli. Kila mvua ilipokuja lilikula jiko la mtu au choo cha mtu. "Ile pale," akasema, kidole kwenye kioo. "Salongo. Kila siku ya posho, alasiri, mutakuwa mule ndani na majembe. Nikipita nikute mutu hayuko, nitajua mulikuwa na maneno ingine." Salongo ilikuwa kazi ya umma ya lazima, na siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu. Alikusudia kutuadhibu, hilo lilikuwa wazi. Tulitoka nje, tukateremka upesi mpaka tulipovuka kona, na hapo msichana wa posta akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea, na sote tukamfuata.

Tuliifanya ile adhabu miezi mingi. Tulibeba mawe kutoka ufukweni, tukapanga kuta ndogo za kuzuia maji, tukapanda mabingobingo, nyasi zile ndefu, kwenye kingo. Papa Kisimba alipiga ngoma juu ya debe. Wenye nyumba za juu walitupatia maji ya kunywa, kisha wakatupatia mihogo ya kuchoma, kisha mama mmoja akaanza kukaa nasi na mtoto wake mgongoni. Sitwayen Lwamba alipita mara moja, amesimama juu na mikono nyuma, na sisi tulipomwona tulitia jina lake kwenye wimbo, kwamba ametupa shamba la mawe, tumelima tumevuna mawe. Alitutazama kwa hasira. Halafu nilimwona akigeuka upande, na mabega yake yakitikisika. Hakupita tena, na hakuna aliyetuuliza zaidi.

Nisiseme kwamba niliponywa kuwashwa kwangu kule ravini. Jumamosi saa ya kazi nilikuwa mtu mzima, kamili. Jumapili nilikwishaanza kutafuta. Na kikundi chenyewe hakikudumu. Papa Kisimba alihamishiwa Kabalo, na bila ngoma baadhi ya vijana waliona uvivu. Msichana wa posta aliolewa, na mtu mwingine, si yule. Kiwanda kilipunguza watu. Mvua zikaanza, na kila wiki tulikuwa wachache zaidi, mpaka ikafika Jumamosi moja nikateremka na jembe langu nikamkuta Mulubwa peke yake, kanga imefungwa kichwani, anapanga jiwe juu ya jiwe. Nilikuwa na habari ya kumwambia. Mchumba wangu alikuwa amepata nyumba, na tarehe ilikuwa imewekwa.

"Nitaenda na treni ya wiki inayokuya," nikamwambia.

Alisimama, akapangusa mikono. "Ni muntu muzuri?"

"Ni muzuri."

"Basi utakuwa muzuri." Akafikiri. "Lakini utafute watu kule, Feza. Si wa kukuangalia. Wa kukuulizia."

Niliahidi. Treni iliondoka asubuhi, na inapoacha mji inapita chini ya ile ravini. Nilijua Mulubwa hatakuwepo, haikuwa siku yake, na bado nilitoa kichwa dirishani. Niliona kuta zetu za mawe, zingine zimesimama, zingine zimelala, kisha reli ikapinda kuufuata mto Lukuga.

Kule Lubumbashi nilitafuta watu. Nilikuwa katika kwaya tatu na vyama vya akina mama nisivyoweza kuvitaja vyote, na niliongoza nyimbo katika karibu vyote. Nilizaa, nilipendwa, nilizika. Mara nyingi nilipokuwa katikati ya watu niliwaza kwamba labda kuna mahali pengine ambapo watu wanacheka zaidi. Mulubwa na mimi tulisalimiana kwa wasafiri, baadaye kwa simu. Aliolewa tena, akamzaa Sangwa. Sikumuuliza kamwe habari za ravini. Nilidhani iliisha siku ile niliyomuacha.

Nilifika Kalemie wamekwisha kumzika. Sangwa alinipokea uani kwake, akanipa kiti na sahani ya bukari, akakaa miguuni pangu ingawa naye ni mama mtu mzima sasa. Nilimwambia habari ya animasyon, ya Sitwayen Lwamba, ya mawe. Alitabasamu kama mtu anayezijua. "Na nilipomuacha," nikasema, "alikuwa peke yake kabisa na jembe."

"Alituambia," akasema Sangwa. "Ile siku ya posho yenye ilifuata, alishuka peke yake. Hakuna muntu wa kuanzisha wimbo. Akaanzisha mwenyewe. Weye unajua sauti ya Mama." Nilikuwa naijua, ilikuwa kama mlango mbovu. "Watu wa nyumba za juu wakatoka kumucheka. Wamama, watoto, wote. Wakasimama pale juu, wanacheka, wanamuiga. Mama akaendelea tu. Walipochoka kucheka wakashuka, mumoja akachukua jiwe. Wiki ingine wakarudi. Ravini ile haikukula tena nyumba, Mama Feza, na siku ya posho Mama hakukaa nyumbani hata mara moja, mpaka ugonjwa ulimulaza. Na alipolala, wao njo walikuwa wanakuya hapa."

Nilijaribu kula nikashindwa. Haikuwa huzuni peke yake. Nilimwonea wivu marehemu, siku ya kilio chake, mimi mwenye nyumba yenye geti. Nilitaka kusimama, niende mahali, popote. Sangwa aliweka mkono wake juu ya goti langu linalouma, labda bila kufikiri, na akaendelea kuongea. Mlangoni watu walikuwa bado wanaingia, wakivua viatu, na walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini nani hajafika.